Kupiga Picha Chumba cha Piramidi: Mwongozo kwa Anayeingia Mara ya Kwanza

Kila baada ya muda ananitafuta mtu aliyepata ruhusa ya saa moja ndani ya chumba cha kupimia antena, kile chenye kuta za piramidi za buluu. Ameingia, ameshangaa, amepiga picha mia mbili, na zote zimetoka kama zulia lililochakaa. Maswali huwa ni yale yale. Mbona buluu imegeuka kijivu? Mbona kina kimepotea? Mbona fokasi inahangaika? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo yote nimeyaweka hapa.

Maneno machache kuhusu chumba chenyewe

Machache tu, maana bila haya taa utaiweka vibaya.

Chumba kisicho na mwangwi wa redio ni boksi la chuma lililozibwa pande zote ili mawimbi ya nje yasiingie. Ndani, ukutani na darini, na mara nyingi sakafuni pia, hubandikwa piramidi za sponji iliyonyweshwa kaboni. Wimbi lililotoka kwenye antena linakutana na ncha nyembamba kwanza, kisha sponji inanenepa kidogo kidogo, kwa hiyo halipati kitu cha ghafla cha kulirudisha. Linazama, na kaboni inaligeuza joto. Kwenye masafa ambayo imetengenezewa, piramidi nzuri hurudisha sehemu moja ya elfu kumi ya nguvu iliyoipokea, au pungufu.

Sasa shika hili, maana mwongozo mzima umelalia hapo: mwanga wa taa nao unamezwa mle kwa namna inayokaribiana. Ukiingia bondeni kati ya piramidi mbili unagonga upande huu, unarukia upande ule, na kila mguso unaupunguza. Tuseme kila mguso unarudisha moja ya kumi. Baada ya miguso mitatu imebaki moja ya elfu. Ndiyo maana mabonde huwa meusi hata taa zote zikiwaka. Weusi ule ndio kazi ya chumba, ila sasa unaiona kwa macho. Anayeumwagia taa ili autoe anafuta kile kile alichokuja kukipiga picha.

Rangi ya buluu, kwa taarifa yako, haina kazi kwenye kumeza mawimbi. Sponji ikishanyweshwa kaboni ni nyeusi tii. Buluu hupakwa juu, na faida yake kubwa ni kwamba watu wanaofanya kazi mle hawashindi gizani. Utakuta vyumba vilivyoachwa vyeusi, na vingine ncha zimepakwa nyeupe. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na vyumba vilivyofunikwa mikeka ya manyoya ya wanyama yaliyochovywa kaboni. Vilifanya kazi yake, lakini sidhani kama kuna aliyebeba kamera kwa ajili ya mikeka ile.

Ukubwa wa piramidi unafuata urefu wa wimbi. Wimbi la masafa ya 10 GHz (gigahezi) lina sentimita 3, la 1 GHz lina sentimita 30, la 30 MHz lina mita 10. Chumba cha masafa ya juu kinaweza kutosheka na piramidi fupi, nazo kwenye picha hutoa mchoro mwembamba kama wa kitambaa. Chumba cha masafa ya chini kina piramidi ndefu, na hapo ndipo kuna vivuli vizito. Vingine vina vigae vya feraiti (kauri yenye sifa za sumaku) nyuma ya sponji, au vigae vitupu, na hivyo ukivitazama ni kama ukuta wa bafu. Na vyumba vya sauti, ambavyo wengi huvichanganya na hivi, huwa na kabari ndefu za nyuzi badala ya piramidi, na mara nyingi sakafu ya wavu.

Vitu vya kuandaa

- Kamera inayokubali mipangilio ya mkono na kuhifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Simu nayo inafaa. Nimeiwekea sehemu yake huko chini.
- Stendi ya miguu mitatu yenye soli za mpira, na miguu isiyolazimika kutanuka sana.
- Lenzi pana, kati ya milimita 16 na 24, pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 85 au zaidi. Ukiwa na moja tu, beba pana.
- Taa moja ya LED ya betri, bapa, inayopunguzwa nguvu, na stendi yake.
- Kadi ya kijivu ya kupimia rangi.
- Tochi ndogo ya mfukoni.
- Rimoti ya waya. Ile ya redio iache nyumbani, sababu utaiona.
- Nguo zisizo na vitu vinavyoning'inia. Mkanda wa kamera unaolegea shingoni huburuta ncha za piramidi kabla hujajua.

Usibebe taa za halojeni wala taa yoyote inayopata moto. Sponji haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto linakusanyika pale pale, na ikiungua inatoa moshi wenye sumu, ikiwemo sianidi ya hidrojeni. Hili halina mjadala.

Hatua

1. Zungumza na mwenye chumba kabla ya kufungua begi.

Muulize mambo matatu. Kuna kitu mezani kisichotakiwa kuonekana pichani? Wapi panakanyagika? Mtambo wa kurusha mawimbi umezimwa? Swali la kwanza ndilo linalowaponza watu. Vitu vingi vinavyopimwa mle bado havijatoka kiwandani, na picha moja yenye kona ya kifaa hicho inatosha kufanya picha zako zote zifutwe mlangoni. Omba kifunikwe au kiondolewe. Kuhusu mtambo usikubali jibu la "nadhani umezimwa".

2. Zima kila kinachorusha mawimbi.

Simu, saa ya mkononi, Wi-Fi na Bluetooth za kamera. Hata kama hakuna kipimo kinachoendelea, ndiyo adabu ya pale. Mlango ukifungwa simu haitashika mtandao hata hivyo, kwa hiyo aliyeko nje mwambie mapema utatoka saa ngapi.

Ukivuka kizingiti tazama ukingo wa mlango. Kuna safu ya vidole vyembamba vya shaba vinavyobana fremu pande zote ili mawimbi yasipenye. Usivishike na usivipigize stendi, kwani kimoja kikipinda panaweza kuvuja. Vipige picha, lakini. Vidole mia kadhaa vinavyong'aa kwenye mstari mmoja, nyuma yake giza la buluu: ni picha ambayo wengi wanaipita wakikimbilia ndani.

3. Tembea bila kamera dakika tano.

Kanyaga njia iliyowekwa tu. Kama sakafu ina piramidi, kutakuwa na vipande bapa vya kupitia, na fundi atakuonyesha. Sasa tazama ukuta mmoja kutoka sehemu tatu. Ukisimama mbele yake kabisa, kila piramidi inageuka mraba wenye alama ya X, na ukuta mzima unakuwa karatasi ya hesabu. Ukisogea pembeni, meno yanaanza kutokea. Ukichuchumaa kwenye kona na kutazama juu, ncha zinapangana kama mawimbi yanayokujia. Amua unataka mwonekano upi kati ya hiyo mitatu. Anayetaka yote kwenye picha moja hapati hata mmoja.

4. Tafuta katikati kwa kutumia piramidi zenyewe.

Picha ya chumba kizima kutoka mlangoni au nyuma ya antena inasimama au inaanguka kwa ulinganifu. Kosa la sentimita tano pembeni linaonekana, kwa sababu ukutani kuna mistari mamia inayokusuta. Habari njema ni kwamba mistari hiyo hiyo ndiyo rula yako.

Kuza sehemu ya katikati kwenye skrini, utafute piramidi iliyo katikati ya ukuta wa mbele. Ikiwa lenzi iko sawasawa mbele ya ncha yake, utaona pembetatu nne zinazolingana. Ukiona ya kushoto ni pana kuliko ya kulia, umesimama kushoto mno, sogea kulia. Ya juu ikiwa pana kuliko ya chini, kamera iko juu mno, ishushe. Usigeuze kichwa cha kamera kurekebisha hili. Kugeuza hakubadilishi pembetatu, kunapindisha mistari tu. Sogeza stendi yenyewe, sentimita moja moja, hadi zilingane. Ndipo sasa uhesabu piramidi kutoka katikati hadi ukingo wa picha, kushoto na kulia, na hapo ndipo unageuza kichwa hadi hesabu ilingane.

Katikati ya ukuta pasipokuwa na piramidi bali makutano ya piramidi nne, tumia bonde badala ya ncha. Utaratibu ni ule ule.

5. Weka taa kama unataka kukwangua ukuta.

Hapa ndipo picha inapopatikana, kwa hiyo usiwe na haraka.

Taa za darini za chumba huangaza kila kitu sawasawa, na usawa huo ndio unaolaza piramidi chini. Omba zipunguzwe, au zizimwe upande mmoja. Kisha weka taa yako ya LED karibu na ukuta, pembeni nje ya picha, na uielekeze sambamba na ukuta hadi mwanga upite juu ya ncha ukigusa upande mmoja tu wa kila piramidi. Upande wa pili uache uwe mweusi. Ghafla ukuta uliokuwa kitambaa unakuwa milima.

Anza na taa moja, nguvu nusu. Piga picha ya majaribio na utazame kitu kimoja: kila piramidi ina upande wa mwanga, upande wa kati na upande wa giza? Kama ina pande mbili tu, mwanga na giza, zilizokatika kwa ukali, rudisha taa za darini kidogo. Kama pande zote zinafanana, taa yako iko mbele mno, isogeze zaidi kuelekea ukutani. Piramidi zilizo karibu na taa zikiungua kwa weupe huku za mbali zimezama, rudisha taa nyuma umbali mara mbili na uongeze nguvu. Mwanga utatapakaa kwa usawa zaidi.

Flashi iliyo juu ya kamera isahau. Inapiga ncha za karibu, inafuta vivuli, na ukuta wa nyuma haupati kitu, kwa sababu hakuna dari nyeupe ya kuurusha mwanga. Flashi za pembeni zinafaa, lakini hapa ndipo rimoti ya redio inapokuaibisha. Katika chumba cha kawaida ishara yake hurukaruka ukutani hadi ifike. Humu inamezwa. Isipokuwa na njia iliyonyooka kutoka rimoti hadi flashi, inaweza isifike kabisa, hata kwa mita nne. Tumia waya.

Na kama huna stendi ya taa, kuna njia ninayoipenda kuliko zote: zima taa zote, fungua shata sekunde 15, kisha mwenzako mwenye nguo nyeusi atembee na LED kando ya ukuta kwa mwendo mmoja. Jaribio la kwanza litaharibika. La nne huwa zuri.

6. Panga kamera kwa mkono.

ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata kadiri mwanga unavyotaka. Sekunde 8 si ajabu. Usishuke hadi f/22 ukidhani utapata ukali zaidi, maana kwenye tundu dogo hivyo mwanga unasambaa na ncha zinalainika.

Usiiachie kamera ipime mwanga peke yake. Yenyewe inadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ikiona chumba cheusi inaongeza mwanga hadi weusi uwe kijivu. Hilo ndilo jibu la lile swali la kwanza. Punguza hatua moja hadi moja na nusu kutoka kile inachopendekeza (kila hatua inakata mwanga nusu). Kisha fungua histogramu ya rangi tatu, ile grafu ya mgao wa mwanga kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, na uitazame ile ya buluu peke yake. Mara nyingi inagonga ukuta wa kulia wakati histogramu ya jumla inaonekana salama kabisa, na buluu iliyojaa kupita kiasi haina umbo, ni bango tu.

Rangi nayo ipime kwa kadi ya kijivu chini ya taa ile ile. Kamera ikiachiwa inaona buluu nyingi, inadhani ni kosa, na inaisahihisha kwa kumwaga njano.

7. Weka fokasi kwa mkono pia.

Fokasi ya otomatiki inachanganywa na vitu viwili kwa mpigo: giza, na mamia ya ncha zinazofanana. Simamisha tochi iangaze ncha moja, kuza skrini, zungusha pete hadi vinyweleo vya sponji vionekane, halafu zima tochi. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa ya milimita 36 kwa 24, fokasi ya mita 2.4 kwa f/8 inashika kuanzia mita 1.2 hadi mwisho wa chumba. Kwa milimita 16, weka mita 1.1 na utapata kuanzia nusu mita.

8. Weka kitu cha kuonyesha ukubwa.

Chumba kitupu hakina kipimo. Piramidi za sentimita 20 na za mita moja na nusu hufanana pichani. Tazama picha za Benefield, kule kambi ya jeshi la anga ya Edwards, California, chumba cha takriban mita 80 kwa 76 na kimo cha mita 21. Usingejua ni kikubwa kiasi gani pasipo ndege nzima kuwekwa katikati. Wewe huna ndege, lakini antena ya pembe, ile yenye mdomo unaotanuka kama tarumbeta, juu ya mlingoti wake inatosha, au mtu. Mtu avae nguo za rangi nyepesi. Mwenye fulana nyeusi humezwa na ukuta, kinabaki kichwa kinachoelea.

Kama chumba ni cha nusu, yaani sakafu ni chuma tupu, shusha kamera hadi karibu na sakafu. Utapata piramidi mara mbili, na zile za chini zina ukungu mzuri ambao huwezi kuutengeneza baadaye.

9. Badili lenzi, sogea, kisha toka kwa hesabu.

Dakika kumi za mwisho ziwe za lenzi ya kuvuta: kona ambapo kuta mbili zinakutana, ncha zilizochakaa, mpaka wa piramidi kubwa na ndogo. Kisha hesabu vitu vyako ukiwa bado ndani. Kipande cha alumini cha kushikia kamera kwenye stendi kilichosahaulika sakafuni kinarudisha mawimbi, na kesho yake mtu atahangaika na kipimo kisichoeleweka.

Kwa mwenye simu tu

Weka hali ya ndege, tumia lenzi ya kawaida badala ya ile pana kabisa, na iegemeze kwenye kitu kisichotikisika. Bonyeza skrini pale penye mwanga mkali kisha ushushe mwangaza. Hali ya usiku izime. Inafufua mabonde kwa nguvu na kuyajaza matope ya zambarau. Panorama usijaribu, simu inaunganisha picha kwa kutafuta alama zinazofanana, na humu kila kitu kinafanana.

Mambo yakigoma

Mistari ya ajabu kama mawimbi kwenye ukuta wa mbali. Ncha za mbali zimekaribia ukubwa wa pikseli za kamera. Sogea mbele au nyuma hatua moja, au badili lenzi. Ikiwa inaonekana tu ukipunguza picha kwenye kompyuta, jaribu kuipunguza kwa ukubwa mwingine.

Michirizi ya giza na mwanga inayokata picha. Taa ya LED inapepesa. Refusha shata hadi sekunde nzima, au ongeza nguvu ya taa, kwani nyingi hupepesa zaidi zikiwa zimepunguzwa.

Picha nzima ina ukungu kidogo ingawa fokasi uliiweka sawa. Sakafu uliyosimamia imetikisika ulipohamisha uzito. Weka kuchelewa kwa sekunde 10 na usimame tuli.

Weusi una punje nyingi. Umepiga gizani mno kisha ukaongeza mwanga kwenye kompyuta. Rudi upige kwa shata ndefu zaidi, ISO ile ile. Na ukiwa mezani, mabonde yaache.

Umevunja ncha. Mimi nilivunja mbili siku yangu ya kwanza, kwa mguu wa stendi niliokuwa naurudisha kinyumenyume bila kutazama. Nilinyamaza dakika nzima nikijifanya napanga lenzi. Fundi aliviona vipande sakafuni kabla sijafungua mdomo, akaviokota, akaangalia viko upande gani wa antena, akaniambia vile havimsumbui, ila vingekuwa kwenye ukuta wa nyuma ya meza ya kuzunguka, ile inayobeba kifaa kinachopimwa, angelazimika kubadilisha kigae kizima kabla ya kipimo cha mchana. Kwa hiyo sema pale pale, na uonyeshe ni piramidi ipi.